Matembezi Yetu ya Mawindo na Uvuvi Katika Homa Bay

Wasomaji wengi watashangaa kuona karani wa Serikali, mtu wa kalamu na majalada, tena mzaliwa wa nchi kavu ya Kibwezi, akiandika habari za samaki. Hata mimi ningalishangaa miaka michache iliyopita. Kwetu Ukambani wazee walijua uta, mishale na sumu ya msunguti. Ama samaki, wengi wao walimhesabu katika jamaa ya nyoka, wala hawakutaka kumwona sahanini.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 nilihamishwa kikazi kwenda Homa Bay, mji ulio kando ya Ghuba ya Winam katika Ziwa Victoria. Nyuma ya mji kimesimama kilima cha Asego kilichochongoka juu, na mbele yake ni maji matupu mpaka macho yachoke. Ziwa lote lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Katika hizo Kenya ina sehemu ndogo, yapata asilimia 6 tu. Zilizobaki ni za Tanzania na Uganda. Walakini kwa mtu aliyekua akifuata maji kwa punda, hiyo asilimia 6 ilitosha kabisa kunitia hofu.

Katika ofisi yetu nilipata rafiki, karani mwenzangu, mwenyeji wa upande wa Mbita. Kaka yake mkubwa ni mvuvi mwenye mashua yake, na watu wote pale ufuoni humwita Jaduong', yaani mzee, ingawa nywele zake bado nyeusi. Mwaka wa kwanza nilimkatalia rafiki yangu kila aliponialika ziwani. Mwaka wa pili nikaona haya, nikakubali. Hivyo ndivyo msimu wetu ulivyoanza, nao ulidumu tangu Agosti mpaka Desemba 2024.

Tulitoka mara ya kwanza Jumamosi ya kwanza ya Agosti, kuvua omena. Ni samaki wadogo, wenye kung'aa kama fedha, hawazidi urefu wa kidole; ndugu zetu wa Tanzania huwaita dagaa. Hapa Kenya uvuvi wa omena hufungwa kila mwaka tangu tarehe 1 Aprili mpaka tarehe 31 Julai, ili wapate kuzaana. Basi ufunguzi ulikuwa wa siku chache tu, na ufuo mzima ulichangamka kama soko la sikukuu. Tena usiku ule haukuwa na mwezi. Nilipouliza kwa nini wote waliufurahia usiku wa giza, Jaduong' alinijibu, "Karani, wewe ukiwa na taa chumbani na jua liko nje, nani ataitazama taa yako?"

Maana yake niliielewa baadaye. Tuliondoka magharibi tukiwa watu watano, nami nimevaa jaketi ya kuokolea maisha iliyonibana hata kupumua ikawa kazi. Upepo wa usiku katika ziwa hili hutoka nchi kavu kwenda majini, na mchana hugeuka ukaja pwani; kwa hiyo wazee wa zamani walisafiri nao kwa tanga, kwenda na kurudi, bila kulipa senti moja ya mafuta. Tulipofika mahali pa kina, vijana waliteremsha taa zilizofungwa juu ya maboya. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Siku hizi ni taa za betri, nazo huchajiwa kwa jua. Taa huvuta wadudu, wadudu huvuta omena, na mvuvi hungoja. Tulingoja saa tatu. Pande zote za ziwa niliona taa za mashua nyingine, mamia kwa mamia, nikadhani nimeuona mji mkubwa ambao hakuna mtu aliyepata kuniambia habari zake.

Kisha wakazungusha wavu polepole kuizunguka taa moja, wakauvuta kwa wimbo wa chini chini. Nami nilishika kamba pamoja nao kwa muda wa dakika kumi, halafu mawimbi yakanishinda. Sitaeleza zaidi, ila niseme kwamba chakula changu cha jioni walikila samaki. Vijana walicheka hata mmoja akaangusha kopo la kukumbia maji. Alfajiri tulirudi na makarai kumi na moja. Wanawake wachuuzi walikuwa wamekwisha kusimama majini mpaka magotini, na kabla jua halijapanda, omena wote walikuwa wameanikwa juu ya nyavu kuukuu mchangani. Nilikwenda nyumbani na karai dogo la zawadi na mikono iliyochubuka, nikiwa na furaha ambayo sikuipata kwa kufunga hesabu za mwaka.

Mwezi wa Oktoba baba yangu alikuja kututembelea kutoka Kibwezi. Umri wake ni miaka 73. Baba yake, yaani babu yangu, alikuwa mwindaji mwenye jina katika sehemu zetu. Mwaka 1948 Serikali ya wakati ule iliifanya nchi ya Tsavo kuwa mbuga ya wanyama, na porini alimokuwa akiwinda babu tangu ujana wake pakawa mahali pa marufuku siku moja. Babu hakuelewa, au labda alielewa lakini njaa haikuelewa. Akaendelea, akakamatwa, akafungwa miezi sita. Halafu mwezi wa Mei 1977 uwindaji wote ulipigwa marufuku katika Kenya, hata kwa wenye leseni na bunduki zao. Babu aliutundika uta wake darini, na huko uko hata leo.

Nilitaka kumfurahisha mzee, basi siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, tulikodi gari pamoja na jamaa ya rafiki yangu, tukaenda mbuga ya Ruma katika bonde la Lambwe. Bonde hili liko nyuma ya vilima, si mbali na Homa Bay, nalo ni nchi ya majani marefu yenye kupepea. Zamani watu walilihofu kwa sababu ya mbung'o waletao ugonjwa wa malale, na pengine ni mbung'o hao waliowalinda wanyama kuliko askari yeyote. Lilifanywa hifadhi mwaka 1966, hasa kwa ajili ya mnyama mmoja, korongo. Simsemi korongo ndege. Huyu ni mnyama mkubwa wa jamii ya paa, mwenye pembe zilizopinda kurudi nyuma na uso wenye alama nyeupe na nyeusi kama aliyevaa kinyago. Katika Kenya nzima leo amebaki hapa Ruma peke yake, tena ni wachache mno.

Tuliona twiga, tuliona kongoni, tuliona taya wadogo wakiruka katika majani. Watoto walipiga kelele mpaka mke wangu akawakemea. Walakini korongo hatukumwona. Askari wa mbuga aliyetuongoza alituruhusu kushuka mahali palipo salama, na hapo nikamwona baba yangu akifanya jambo ambalo sikupata kuliona tangu nizaliwe. Alipiga goti, akaweka vidole vyake karibu na alama moja katika udongo mkavu, wala hakuigusa. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Amepita hapa leo asubuhi. Mkubwa. Yuko peke yake."

Askari alikuja akatazama, akasema ni kweli, ni korongo. Mwanangu wa kwanza, mwenye umri wa miaka 11, alimtazama babu yake kama mtu aliyegundua kwamba redio kuukuu ya nyumbani inaweza kushika stesheni za ng'ambo. "Babu, tumfuate?" akauliza. Mzee alijipangusa goti. "Ukimfuata mnyama aliyebaki peke yake," akasema, "humwindi. Unamsumbua tu."

Njiani kurudi hakusema mengi. Alinambia neno moja tu, kwamba alipokuwa mtoto hakuna mtu aliyehesabu wanyama, na kwamba siku watu walipoanza kuwahesabu ndipo alipojua kuwa wamekwisha.

Safari ya tatu, nayo ndiyo hasa iliyonifanya niandike barua hii ndefu, ilikuwa Desemba, siku ya pili baada ya Krismasi. Baba alikuwa bado yuko kwetu. Jaduong' alitualika Mbita, tukavua kwa ndoana mchana, karibu na kisiwa cha Rusinga. Wasomaji watakumbuka kwamba Rusinga ndiko alikozikwa marehemu Tom Mboya, aliyeuawa Julai 1969, na tena ndiko Bibi Mary Leakey alikopata fuvu la Proconsul, mnyama wa kale wa jamii ya nyani, mwaka 1948. Tuliingia mashuani watu sita: Jaduong', rafiki yangu, mtoto wake, mwanangu, baba na mimi. Mzee alikuwa hajapata kupanda chombo cha majini maisha yake yote. Alikaa katikati, mikono miwili imeshika ubao, akitazama mbele kama anayesubiri hukumu.

Jaduong' alitufundisha kutia chambo na kushusha kamba. Alitusimulia pia habari za samaki wa ziwa hili. Ngege wa asili, waliokuwa chakula cha wazee wake, wamekuwa adimu sana. Hawa tunaokula leo kwa jina hilo wengi ni wa aina nyingine walioletwa. Mbuta, ambaye wengine humwita sangara, naye ni mgeni. Alitiwa katika ziwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwala samaki wadogo wa kila namna, hata fulu wengi waliokuwa wakijaza ghuba wakatoweka. Walakini mbuta mwenyewe akawa mali: alijenga viwanda vya minofu, akalipa karo, akaezeka nyumba kwa mabati. "Mimi nimesomeshwa na mbuta," rafiki yangu akasema, na kaka yake akacheka akasema, "Na mimi nikabaki kumvua ili wewe usome."

Yapata saa nne kamba ya mwanangu ilivutwa kwa nguvu. Alipiga ukelele, sote tukasimama, na mashua ikayumba hata baba akaita jina la Mungu kwa Kikamba. Kijana alivuta, akaachia, akavuta tena kama alivyofundishwa, mpaka akatokea mbuta mwenye kung'aa, macho yake yakimulika kama ya paka. Furaha ya mtoto yule siwezi kuieleza kwa kalamu. Alimkumbatia samaki wake akalowa kifua kizima.

Rafiki yangu alileta kijiti chenye alama. Samaki akapimwa: sentimita 38. Kanuni ni kwamba mbuta asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50, maana kwa kawaida huwa bado hajazaa hata mara moja. Tukatazamana. Mimi ndimi mtumishi wa Serikali, nami naungama mbele ya wasomaji kwamba nilinyamaza. Nilimtazama mwanangu, nikajisemea moyoni kwamba samaki mmoja si kitu.

Jaduong' aliufungua mdomo kwa niaba yangu. "Mtieni karaini," akasema. "Tukimrudisha, mashua inayofuata itamchukua. Hapa wote wanafanya hivyo."

Hapo baba yangu, ambaye tangu asubuhi hakusema maneno kumi, akaliachia ubao mkono mmoja. Alisema hivi, nami nayaandika kadiri ninavyoyakumbuka:

"Mwaka 1961 nilikuwa na miaka kumi, kama mtoto huyu. Mvua ilikuwa imekatika kwetu, ng'ombe wamekufa, watu wanakula mizizi. Baba yangu alinichukua porini siku mbili. Siku ya pili, jioni, kwenye dimbwi lililokuwa karibu kukauka, tukamkuta tandala jike. Baba aliupinda uta. Nilikwisha kuisikia harufu ya nyama. Halafu akaulegeza. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, 'Tazama tumbo lake. Huyu ni wawili. Tukimla leo tumekula na wa mwakani.' Tulirudi nyumbani mikono mitupu, nami nililia njia nzima."

Jaduong' akasema kwa adabu, "Mzee, baba yako alikuwa mtu mwema."

"Ngoja, sijamaliza," baba akamjibu. "Siku ya tatu tulipita pale tena. Tukakuta majivu na manyoya. Mwingine alikuja nyuma yetu. Kwa hiyo usemalo ni kweli, mwanangu. Mashua inayofuata itamchukua. Desturi ya mtu mmoja ni kama ua wenye mlango wazi. Sisi hatukupata watu wa kuufunga pamoja nasi. Tulingoja mpaka Serikali ikaja ikaufunga kwa pingu, ikamfunga na baba yangu. Na wanyama hawakurudi kama zamani. Huyo korongo tuliyeona alama yake, nani atamla leo? Si mwindaji wala si mtoto wa mwindaji. Lakini baba, mpaka anakufa, hakusema hata siku moja kwamba alikosea kuulegeza uta. Ninyi mna bahati. Nimesikia mna kamati yenu hapa ufuoni, mmeichagua wenyewe. Sisi hatukuwa nayo."

Hakuna aliyejibu. Maji yalipiga ubavu wa mashua. Samaki alikuwa bado anafungua na kufunga mdomo wake juu ya ubao. Basi mwanangu, bila kuambiwa, alimwinua kwa mikono miwili, akamtelemsha majini taratibu. Mbuta alilala ubavu kitambo kidogo, tukadhani amekufa. Kisha akapiga mkia mmoja akazama. Kijana aligeuza uso ili tusimwone analia. Baba yake pia aligeuza uso, kwa sababu nyingine.

Tulipata samaki wengine wawili wa kipimo siku ile, wakatutosha kwa kitoweo. Jioni, tulipokwisha kula nyumbani kwa Jaduong', alinita nyuma ya jiko. Huko alinionyesha gunia. Ndani yake mlikuwa na nyavu mpya za matundu madogo, za aina isiyoruhusiwa. Alinieleza kwamba alizinunua kwa mkopo mwezi wa Novemba, maana mbuta wakubwa wamepungua, na mtoto wake wa pili anatakiwa kulipiwa karo ya sekondari Januari. Alikuwa hajazitumia hata usiku mmoja. "Karani," akasema, "sikukuonyesha ili uniandike. Nimekuonyesha kwa sababu mzee ameniharibia usingizi."

Ndugu msomaji, ningejibu nini? Maneno ya kanuni ninayajua, lakini karo siyo maneno. Tulizungumza mpaka usiku, yeye, rafiki yangu na mimi. Mwishowe tuliafikiana kwamba sisi makarani wawili tuchangie karo ya muhula wa kwanza, naye alilipe deni la nyavu kidogo kidogo kwa omena. Hakuzichoma nyavu zile. Alisema hawezi kuchoma fedha ambayo bado anadaiwa. Nilipopita kwake Februari 2025, nilizikuta zimezungushiwa bustani ya sukuma wiki, na kuku wa jirani wamesimama nje wakitazama ndani kwa huzuni.

Aliniambia pia kwamba katika mkutano wa kamati ya ufuo alisimama akasema habari ya nyavu ndogo, na kwamba wengine walimcheka, na wengine wawili walikuja kwake usiku kumwuliza zaidi. Ni watu wawili tu. Lakini babu yangu hakumpata hata mmoja.

Baba alikwisha kurudi Kibwezi. Kabla ya kupanda basi alimpa mjukuu wake ahadi: akija likizoni, atamshushia uta kutoka darini, amfundishe kuupinda kwa kulenga kibuyu. Nilimsikia kijana akiuliza, "Na kuulegeza je, Babu?" Mzee akamjibu, "Hilo umekwisha kulijua."